Lango la Zizi Tupu

Machochwe,
14 Aprili 2024

Kwa mke wangu mdogo Gati, mwalimu wa Turwa,

Nina miaka themanini na mitatu. Wenzangu wote niliotahiriwa nao nimewazika. Njaa iliyotulisha mizizi niliishinda, Vita vya Kagera nilirudi na miguu yote miwili, na mabwana wote waliokuja hapa kuniambia nihame kwa kuwa niko karibu mno na hifadhi, wao ndio waliohamishwa. Mimi nipo. Sasa nasikia baba yako Sylvester, mwanangu wa kumzaa, amejenga chumba nyuma ya nyumba yake na amekipaka rangi, anasema ni chumba cha Mzee Nchagwa. Mwambie Mzee Nchagwa amepata habari na amecheka.

Haya, salamu. Mimi mzima, meno machache lakini yanakutana. Mahindi yamefika magotini. Tembo walipita juzi wakala upande wa jirani yangu Matiko, shamba langu wakaliheshimu. Ng'ombe wamenona, wanakusalimu. Mama yako Beatrice mgongo wake vipi? Na wewe, mchumba umepata au bado unasahihisha madaftari?

Naandika kwa mkono wangu, unaona herufi zilivyo kubwa, hazijifichi. Ile simu nilimrudishia baba yako kwa sababu inakata kabla sijamaliza salamu. Barua haikati. Hezekia, kondakta wa basi la Mugumu, ataiacha Bomani kwenye lile duka la vitambaa la Swaleh, kwa kuwa umesema unamfundisha mtoto wake.

Neno langu ni fupi. Siji Turwa. Mtu mwenye zizi lake hawezi kulala kwenye chumba cha nyuma.

Ni mimi mume wako mkubwa,
Nchagwa


Turwa,
5 Mei 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika salama, Imrani mtoto wa Swaleh aliileta shuleni ameificha ndani ya shati kama siri ya serikali. Sisi wazima. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anasahau. Baba nilimpa ujumbe wako. Alisema, "Amecheka?" Nikasema ndiyo. Akasema chumba kitamsubiri, rangi haiozi. Babu, usimkasirikie. Anaogopa. Kila akisikia habari ya simba au tembo upande wa Machochwe, anakosa usingizi.

Nina shida yangu ya kazi, na nimeona nikueleze wewe.

Mwaka huu nimepewa Darasa la Nne. Wanajumlisha vizuri, wanaimba majedwali hata wakienda chooni. Lakini nikiwatajia namba kubwa waandike, tunaharibikiwa. Nikisema elfu nne na sita, wanaandika wanavyosikia. Wanasikia elfu nne, wanaweka 4000. Wanasikia na sita, wanaibandika 6 pembeni. Inakuwa 40006. Hiyo ni elfu arobaini na sita, Babu. Nimewachorea masanduku ya mamoja, makumi, mamia na maelfu, wakayanakili na rangi juu. Siku ya pili ni 40006 tena. Mwisho wa Oktoba wana upimaji wa taifa, na mwalimu mkuu ameshaniambia niache kuchora, niwakaririshe.

Nakumbuka nikiwa mdogo ulinichorea kitu mavumbini, mazizi yaliyopangwa mstari, ukasema ndivyo namba zinavyolala. Mimi nilikuwa natazama ndama, sikusikiliza. Unaweza kuniandikia?

Mjukuu wako,
Gati


Machochwe,
26 Mei 2024

Kwa mke wangu mdogo,

Nimepokea. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili Matiko asikie upande wa pili wa ua kwamba walimu wa Tarime wananiuliza mimi.

Huku kwema. Mvua ni nyingi kupita kiasi, majani yamepanda na kupe wamepanda nayo. Hujajibu habari ya mchumba, nimeona.

Sasa sikiliza vizuri safari hii. Wakati wa kisomo cha watu wazima, mimi na marehemu bibi yako Felista tulikaa benchi moja. Mwalimu akachora masanduku ubaoni kama hayo yako. Nikasimama nikamwambia, mwalimu, mimi sina masanduku, mimi nina mazizi. Tangu siku ile darasa zima lilisoma kwa mazizi, na cheti alichopewa mwalimu yule kilipaswa kuwa changu.

Panga mazizi kwenye mstari. La mkono wa kulia kabisa, karibu na mlango wa nyumba, ni la mamoja. Linalofuata kushoto ni makumi, kisha mamia, na lile la mbali kule ni maelfu. Sheria ni hii: hakuna zizi linalobeba kumi. Mwisho tisa. Akija wa kumi, wote kumi wanatoka, na zizi la pili anaingia mmoja tu anayesimama badala yao. Huyo mmoja ni mke. Ng'ombe kumi wametoka, mke mmoja ameingia. Wake kumi wakitoka, zizi la tatu unaingia ukoo mmoja. Koo kumi zikitoka, zizi la nne linaingia kabila. Mtoto yeyote wa Kikurya atakuelewa bila fimbo.

Halafu waambie wasinyooshee mifugo vidole kuihesabu. Mimi wangu sihesabu, nawaita. Madoa, Kijivu, Pembe Moja, Mama Mvua. Akikosekana mmoja, nasikia pengo kabla sijaona.

Mwambie mwalimu mkuu wako akitaka niandikiwe cheti, jina langu linaanza na N.

Nchagwa


Turwa,
30 Juni 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua imepungua. Mama anakushukuru kwa salamu. Baba hajambo, amenunua kitanda cha kile chumba. Mimi nakwambia tu ili usije ukasikia kwa wengine.

Babu, umenifurahisha, lakini mke siwezi. Darasani nina wasichana zaidi ya nusu. Wangeniuliza kwa nini wao ni ng'ombe kumi, na mimi ningekuuliza wewe, na tungekaa kimya wote. Nimeweka fahali. Ndama kumi wanatoka, anaingia fahali mmoja, na kila zizi linalofuata ni hivyo hivyo.

Tulichora mazizi uwanjani kwa majivu, watoto wakawa mifugo. Nilipofika kwenye sheria yako ya kumi, mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa wale kumi wameenda wapi?" Kabla sijajibu mwenzake akamwambia, "Wameibiwa. Fahali ameachwa kwa sababu ni mkali." Uwanja mzima ukaanguka kicheko, na mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Lakini Babu, walishika. Namba kama elfu tatu mia mbili arobaini na tano, waliiandika bila kosa. Ile 40006 ilikufa siku hiyo hiyo. Niliruka.

Kesho yake nikawapa elfu nne na sita. Fahali wanne wakaenda zizi la mbali, ndama sita zizi la karibu na mlango. Mawili ya katikati hayana kitu. Wakarudi darasani kuandika. Wakaniandikia 46.

Darasa karibu lote, 46. Nikamsimamisha Nice, ambaye hakosei ovyo, nikamuuliza mazizi ya katikati yako wapi. Akasema, "Yalikuwa hayana ng'ombe, mwalimu. Zizi lisilo na ng'ombe linabomolewa, miti inakuwa kuni." Wengine wakaunga mkono, kwamba hata kwao wazee wanasema zizi tupu likiachwa linaita tena kilicholiacha tupu. Aliyeandika 4006 ni Imrani peke yake, na yeye kwao hawana hata mbuzi. Nilipomuuliza, akasema, "Baba akifunga duka Ijumaa, si bado ni duka?" Wenzake wakamwambia anyamaze, hajui mifugo.

Sasa nimekwama kwenye zizi lako, Babu. Sifuri nitawaambiaje? Ni kweli zizi tupu halisimami? Au kuna namna linaweza kusimama?

Mjukuu wako,
Gati


Machochwe,
18 Agosti 2024

Gati,

Salamu. Mimi mzima. Mahindi tumevuna. Maharage si mabaya. Matiko amepata mjukuu.

Barua yako nilichelewa kuijibu kwa sababu ya kazi. Kazi ni nyingi.

Habari ya zizi tupu sina la kusema. Waulize watu wenye mazizi matupu. Huyo mtoto wa muuza vitambaa mwambie duka halitoi maziwa.

Wafundishe masanduku tu, ndivyo serikali inavyotaka.

Nchagwa


Turwa,
8 Septemba 2024

Babu yangu,

Shikamoo Babu. Mama anakusalimu, nasi wote tunakusalimu sana.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi. Uliandika mahindi, maharage na mjukuu wa Matiko. Niliisoma nikitafuta jina la Madoa au la Mama Mvua, nikageuza karatasi hata nyuma. Halafu nikakumbuka ulivyoandika mwezi wa tano kwamba kupe wamepanda na majani.

Baba alirudi kutoka kwako Jumapili. Hakutuambia kabla kwamba anakuja huko, nadhani na wewe alikushtukiza. Alikula kidogo akasukuma sahani. Alisema alikaa nawe mchana kutwa hakusikia mlio wa ng'ombe hata mmoja, na jioni ilipofika ulichukua fimbo yako, ukaenda ukafunga lango la zizi kama siku zote, ukarudi ukanawa mikono. Alisema hakuthubutu kukuuliza. Mengine aliyosema sitayaandika.

Isipokuwa hili moja, kwa sababu ni haki yako kulijua. Desemba akipata likizo anakuja na panga. Anasema atalibomoa lile zizi mwenyewe, miti ampe Matiko, kisha akulete Turwa, kwa kuwa ulichokuwa ukisema kinakuzuia hakipo tena. Nilimwambia asubiri kwanza nikuandikie. Akasema, "Andika. Mimi nanoa."

Siku hizi wanafunzi wangu wanaandika 46 kwa haraka zaidi kuliko zamani. Mwalimu mkuu alipita nyuma ya madawati, akatazama, akasema upimaji hauulizi ng'ombe. Nimemwomba wiki chache.

Kwa hiyo Babu nakuuliza hesabu tu. Zizi ambalo halina kitu ndani, lina kazi gani? Usiponijibu nitajua umechoka, sitauliza tena.

Gati wako


Machochwe,
29 Septemba 2024

Kwa mke wangu mdogo Gati,

Salamu kwako, kwa mama yako na mgongo wake, na kwa huyo anayenoa panga. Mimi nina miaka themanini na mitatu kama nilivyokwambia, na kuchoka sijajifunza.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nafikiri. Mtu mwenye akili nyingi anafikiri muda mrefu.

Kuna mzee mmoja huku ninamfahamu. Kichwa kigumu, lakini mtu mzuri, sura yake ilikuwa inasumbua wasichana zamani. Mzee huyo alikuwa na ng'ombe. Mwezi wa saba ndigana, ule ugonjwa wa kupe, iliingia zizini kwake. Ng'ombe anavimba tezi chini ya sikio, anapumua kama amepanda mlima, anakuangalia. Aliita daktari wa mifugo kutoka Mugumu, akaja, akachoma sindano, akafanya kazi yake vizuri simlaumu. Walikwenda mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa anaitwa Mama Mvua. Mzee huyo alikaa naye mpaka mwisho, na hapo ndipo alipoacha kuandika barua kwa muda.

Basi watu wakaanza kuja. Matiko alikuja, tena kwa adabu, akasema, "Mzee, hii miti itaoza bure, na mimi nina mkwe amejifungua, tunahitaji kuni za maji ya moto." Mzee akampa kuni kutoka mahali pengine. Vijana wakipita jioni wanamwona anafunga lango, wanacheka, wanasema, "Anamfungia nani?" Nice wako amesema kweli, ndivyo watu wanavyofanya. Hata mzee huyo amebomoa mazizi ya wengine kwa mikono yake, alikuwa hodari wa kubomoa kuliko wote.

Lakini sikiliza alivyonieleza.

Ukitoka kwenye njia ya magari unakuta kwanza zizi, halafu banda, halafu nyumba, halafu kaburi la mke wake chini ya minyaa. Kila kitu kimesimama kwa kupimwa na lile zizi. Libomoe. Ile njia ya magari itasogea, watu wanapenda kukata kona. Mwaka mmoja wanakata kona, mwaka wa pili njia iko mlangoni, mwaka wa tatu wanapita juu ya Felista. Zizi likiwepo, hata tupu, mpita njia atasema hapa anaishi mtu. Likiondolewa atasema hapa aliishi mtu.

Sasa chukua hiyo nne yako. Ikikaa mahali pake kule mbali, na mazizi yote ya katikati yamesimama, hata kama hayana kitu ndani, hiyo nne ni elfu nne. Bomoa hayo mawili, isogeze ikae kwenye chumba cha nyuma karibu na sita, inakuwa arobaini. Nne ni ile ile. Haijafa, haijaugua, haijapungua mguu. Imesogezwa tu. Mjukuu wangu, ndivyo mtu mkubwa anavyofanywa mdogo bila kupigwa.

Waambie watoto hivyo. Zizi tupu halibomolewi kwenye namba kwa sababu linamshikia mwenzake mahali. Kazi yake ndiyo hiyo, na si kazi ndogo.

Na wakikuuliza alama yake ni ipi, waambie wapande kilima watazame chini. Ua wa mviringo, ndani hamna kitu. 0. Umeona? Wewe mwenye diploma hukuwahi kuona. Aliyeibuni sifuri alikuwa mfugaji, na mimi sitashangaa nikiambiwa alikuwa Mkurya.

Msomee barua hii yule anayenoa. Jina la mzee huyo usimtajie.

Nchagwa


Turwa,
10 Novemba 2024

Babu yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Mama anasema Mungu akutunze. Sisi wazima. Upimaji umekwisha, ndiyo maana nimechelewa, nisamehe.

Nilichukua majivu tukarudi uwanjani. Safari hii sikuacha zizi lolote bila mtu. Kwenye kila zizi tupu niliweka mtoto mmoja langoni, wa kufunga. Mimi nauliza kuanzia mbali, "Maelfu?" Wanajibu, "Wanne, mwalimu." Nauliza, "Mamia?" Mtoto wa langoni anajibu, "Hamna, lango limefungwa." "Makumi?" "Hamna, lango limefungwa." "Mamoja?" "Sita." Ilikuwa kelele kiasi kwamba Darasa la Tano waliacha kipindi wakatazama. Nice alikataa kwanza kuwa wa langoni. Alisema anaonekana hana kazi. Nikamsomea kipande cha barua yako, pale pa nne kusogezwa. Akaenda langoni, akashika lango ambalo halipo kwa mikono miwili. Imrani akamwambia, "Si nilisema?" Akamjibu, "Wewe ulisema duka."

Waliporudi darasani waliandika 4006, karibu wote. Wawili watatu bado wanatangatanga, nitakaa nao. Halafu nikawapa namba kubwa ya makumi elfu, elfu hamsini na mbili, tano mbali kabisa na mbili mlangoni, katikati hamna kitu. Nikasikia mtu ananong'ona peke yake kwenye dawati, "Limefungwa, limefungwa, limefungwa," na kuweka sifuri moja kila akisema. Matokeo ya upimaji hayajatoka na mimi sitajisifu kabla. Hiyo kazi nakuachia wewe. Mwalimu mkuu ameniuliza majivu nayapata wapi.

Baba nilimsomea yote. Alinyoosha mkono akaomba karatasi, akaisoma tena mwenyewe karibu na taa. Akauliza, "Huyu mzee anayemfahamu ni nani?" Nikasema hukumtaja. Akasema, "Aha." Akakunja barua akaiweka kwenye mfuko wa shati lake, hajanirudishia mpaka leo.

Lakini Babu, sikufichi. Asubuhi yake nilimsikia nyuma ya nyumba ananoa lile panga. Nikamuuliza, "Baba, bado?" Akasema, "Nakwenda." Sijui kwa nia gani. Atapanda basi la Hezekia likizo ikianza. Mwambie mzee huyo unayemfahamu kwamba darasa zima la Turwa linamsalimu, na kwamba lango lake linajulikana huku.

Mjukuu wako,
Gati


Machochwe,
22 Desemba 2024

Kwa mke wangu mdogo Gati, mwalimu wa wafunga malango,

Nakusalimu kwa salamu za Noeli. Mimi mzima. Mvua za vuli zimekuja vizuri. Mjukuu wa Matiko ameanza kukaa. Umeandika barua ndefu na habari ya mchumba hukuigusa, wewe ni mwanangu kweli.

Sylvester alikuja. Nilimwona anateremka barabarani na mfuko, na panga limefungwa kwenye gazeti, mpini unaonekana. Sikusimama. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, fimbo magotini, nikawa nimeshapanga maneno ya kumwambia, mazito. Matiko naye akatokea, alikuwa amesikia habari ya kubomoa, amekuja na kamba ya kufungia miti.

Mwanangu akaniamkia, nikaitikia. Hakukaa. Akaenda moja kwa moja zizini akalizunguka, mkono mmoja kwenye miti, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Mimi maneno yangu yote mazito yakapotea, sijui yalikwenda wapi. Akafika pale upande wa mto ambapo tembo alitoboa mwezi wa kumi, mahali ambapo mimi nilikuwa nimeziba kwa matawi tu kwa sababu bega langu linauma. Akasimama. Akafungua gazeti.

Akasema, "Baba, hapa paliingia nini?"

Nikasema, "Tembo."

"Na hili lango limelegea."

"Limelegea tangu ulipokwenda sekondari."

"Nani analifunga?"

"Mwenye zizi."

Akalitikisa lango. Kisha akamwambia Matiko, "Baba mdogo, hiyo kamba yako ni ndefu?" Matiko akasema ni ndefu. "Basi niazime, lango hili linataka kufungwa vizuri."

Akaingia vichakani, akakata miti mipya na miiba. Alikata mpaka jua likakaa juu ya vilima vya hifadhi. Anakata vibaya, mkono wa mjini, nilimwelekeza sana. Pengo la tembo limezibwa. Nguzo ya lango imesimamishwa nyingine, ya mti mgumu nilioutaja mimi. Matiko alishindilia udongo huku ananung'unika kwamba alikuja kwa ajili ya kuni.

Jioni nikachukua fimbo yangu ninyanyuke. Sylvester akasema, "Kaa, Baba." Akaenda yeye. Nikamwona anasimama langoni, anatazama ndani muda mrefu. Aliwaita majina. Alianza na Madoa, akaenda mpaka Mama Mvua, wote, hakukosea. Sikujua kama anayakumbuka. Halafu akafunga lango la zizi langu, akarudi, akanawa mikono.

Chumba anasema atampangisha mwalimu mwenzako. Mimi nimesema kitanda wasikiuze, huenda siku moja nikaja kulitazama darasa lako, nilale kidogo, nirudi.

Wapo watakaosema mzee anaongeza chumvi. Hezekia yupo, aliliona panga lile likiwa jeupe wakati wa kuja, na wiki iliyofuata alilirudisha likiwa na utomvu. Matiko yupo, kamba yake iko langoni mpaka sasa na ameshasamehe. Sylvester yupo, ingawa yeye atakwambia kwa ufupi. Na asiyewaamini hao watatu asiniandikie barua. Aje mwenyewe jioni, ashike lango, ajaribu kulifungua.

Nchagwa